Urasimishaji: njia za ndani ziwe mita ngapi, na maji yapite wapi?

MjumbeKamati

Wakuu, habari za jioni. Naandika kwa niaba ya kamati ya urasimishaji (kupanga na kupima makazi yaliyojengwa bila mpango ili watu wapate hati) ya mtaa mmoja Wilaya ya Ubungo, Dar. Eneo ni kama heka 22, nyumba 310, mwinuko uko upande wa magharibi, na katikati kuna korongo linalopitisha maji wakati wa mvua. Kampuni ya upimaji imeshapatikana na picha za anga zimeshapigwa. Mwezi ujao wanaanza kutembea nyumba kwa nyumba kutambua mipaka.

Rasimu ya kwanza ya mchoro imechora njia zote mita 6. Kwa hali ilivyo, njia pekee inayopitisha gari ina mita 5 hadi 6, zilizobaki ni kati ya mita 1.2 na 2.5. Mita 6 kila mahali maana yake ni kuvunja vyumba, na watu wameanza kugoma hata kuchangia. Upande wa pili wapo wanaosema ziachwe kama zilivyo, kila mtu apewe hati yake yaishe.

Tunaomba ushauri wa wanaoijua kazi hii. Upana upi unatosha, na tuutetee vipi mbele ya halmashauri? Mifereji ipite wapi, na ukubwa gani? Tuna watu wenye ulemavu wanaotumia baiskeli za matairi matatu na wazee wengi, nao wanahitaji nini hasa kwenye mchoro? Na wapangaji, ambao ni zaidi ya nusu ya watu wa mtaa, tuwaweke wapi wakati fomu zote zinauliza mwenye kiwanja?

---

Bikoni

Mjumbe, msianze na upana. Mkianza na upana mtabishana hadi mwakani, kwa sababu kila mmoja anaangalia ukuta wake. Mwambieni mpangaji miji wa kampuni akae na kamati na kuchora mambo matatu kwa utaratibu huu: kwanza maji yanapita wapi, pili gari linafika wapi, tatu watu wanapita wapi. Upana utajitokeza wenyewe.

Mita 6 kila mahali ni mchoro wa viwanja vipya uliohamishiwa kwenye nyumba za watu. Urasimishaji uliwekwa kwenye Sheria ya Ardhi ya 1999 kwa ajili ya makazi ambayo tayari yapo, na kwa utaratibu uliozoeleka viwango hulegezwa kuliko pale ardhi ikiwa tupu. Lakini afisa mipango miji hawezi kulegeza kwa huruma tu, anataka sababu iliyoandikwa. Mpeni sababu ya kila njia: hii ni ya gari la zimamoto, hii ni ya guta (baiskeli ya mizigo) la taka, hii ni ya miguu.

Kuhusu gari. Gari la zimamoto lina upana wa mita 2.5 hivi. Ili lipite na watu wake washuke, linataka mita 3.5 hadi 4 zilizo wazi, bila nguzo wala baraza. Mipira ya kuzimia moto huungwa kwa vipande vya mita 20 au 25. Kwa hiyo kanuni ya kufanyia kazi ni kwamba mlango wa nyumba ya mbali kabisa usizidi mita 60 kutoka gari linaposimama, kwa kufuata njia, si kwa kukata juu ya mapaa. Chukueni kamba ya mita 60, mtu mmoja ashike ncha pale gari linapofika leo, mwingine aivute kila kichochoro, kila kona. Nyumba ambazo kamba haikuzifika wekeni alama kwenye picha ya anga. Mkimaliza siku hiyo mtajua ni wapi hasa njia ya gari inahitajika, na mara nyingi ni sehemu chache kuliko mlivyodhani. Gari la kunyonya vyoo nalo hufuata hesabu inayokaribiana na hiyo.

Kwa heka 22, mzunguko mmoja wa mita 6 wenye matawi mawili matatu ya mita 4 huweza kutosha. Vinavyobaki ni vichochoro vya mita 2 hadi 2.5 vya miguu, bodaboda na guta. Guta lina upana wa kama mita 1.2, kwa hiyo kwenye mita 2 linapita na mtu anasimama pembeni. Chini ya mita 1.5 hata jeneza na kitanda cha mgonjwa ni shida, hapo msikubali.

Makosa matatu hujirudia.

La kwanza ni kona. Njia mbili za mita 4 zinazokutana kwa pembe mraba hazipitishi lori hata kama upana upo. Kateni pembe ya kiwanja cha ndani kwa pembetatu ya mita 3 kwa mita 3. Mwenye kiwanja anapoteza mita za mraba 4.5 tu, lakini asipoambiwa mapema atazipigania kama ekari.

La pili ni njia isiyotokea. Kama njia ya gari inaishia ndani, mwisho wake uwe na pa kugeuzia penye umbo la T. Bila hapo dereva anarudi kinyumenyume mita 80 katikati ya watoto.

La tatu linatokana na picha ya anga. Picha inaonyesha paa, haionyeshi ukuta. Bati likitoka nje ya ukuta sentimeta 50 kila upande, kichochoro chenye mita 1.8 chini kinaonekana mita 0.8 juu. Na kinyume chake, ngazi na baraza lililojificha chini ya bati vinakula njia bila kuonekana kwenye picha. Mchoro uliochorwa ofisini kwa kufuata mapaa utakuwa na makosa pande zote mbili. Njia zote zipimwe chini kwa futi kamba, ukuta hadi ukuta, kila mita 10, na vipimo viandikwe kwenye picha kabla mstari wowote haujachorwa.

Halafu, kabla ya kuzika bikoni, yaani alama za mipaka, pakeni rangi. Tengenezeni fito ya mita 4, tembeeni nayo ikiwa imelazwa katikati ya njia, na kila inapogusa ukuta wekeni alama nyekundu mbele ya mwenyewe. Mtu akiona kuwa ni sentimeta 30 za uzio zinazotakiwa, na siyo chumba, mazungumzo yanabadilika palepale. Bikoni ya zege ikishazikwa na ramani ya upimaji ikaidhinishwa, kusogeza hata nusu mita ni kuanza upya na mchoro, saini za majirani, upimaji na idhini.

Kwa wale wanaosema njia ziachwe kama zilivyo, waelezeni jambo moja. Kichochoro ambacho hakikuchorwa kama njia ya umma kinaingia ndani ya kiwanja cha mtu. Siku akijenga ukuta, mtaa hauna pa kushika, maana hati inamlinda yeye.

---

Maji_Hushuka

Bikoni amesema kweli kuhusu maji, mimi niongeze hesabu, kwa sababu mifereji mingi ya mitaani hujengwa kwa kukadiria kwa macho.

Eneo linalomwaga maji kwenye korongo tuchukulie ni theluthi ya mtaa wenu pamoja na kipande cha jirani aliye juu, jumla hekta 4, yaani heka 10 kasoro kidogo. Makazi yenye mapaa mengi na ardhi iliyoshindiliwa hupeleka kama asilimia 70 ya mvua moja kwa moja mferejini. Mkichukua mvua kali ya milimita 80 kwa saa, hesabu ni 0.7 mara 80 mara 4, gawanya kwa 360. Jibu ni mita za ujazo 0.62 kwa sekunde. Hizo ni lita 620 kila sekunde zinazotaka njia. Zisipopewa zitachukua sebule ya mtu. Ukali wa mvua wa kutumia kwenye usanifu wa mwisho atauthibitisha mhandisi wa TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini) au wa halmashauri.

Mfereji wa zege wenye upana wa sentimeta 60, maji yakiwa na kina cha sentimeta 50, na mteremko wa mita 1 kwa kila mita 100, unabeba mita za ujazo 0.65 kwa sekunde. Unatosha. Juu ya hapo acheni sentimeta 15 za akiba. Ila mteremko ukishuka hadi robo mita kwa mita 100, mfereji uleule unabeba nusu tu, 0.33. Na mchanga ukijaa nusu ya kina, uwezo unashuka hadi asilimia 40 ya mwanzo. Ndiyo maana mtaa unajengewa mfereji mkubwa na bado mwaka wa pili unafurika. Ukubwa ulikuwepo, kilichokosekana ni mteremko na usafi.

Mteremko mnaweza kuupima wenyewe kabla mtaalamu hajafika. Nunueni mpira mwangavu wa nusu inchi, mita 25, ule wanaotumia mafundi kupima usawa. Jazeni maji kwa kuyavuta kutoka kwenye ndoo iliyoinuliwa, ncha moja hadi nyingine, mpaka povu lote liishe. Fito mbili zenye alama za sentimeta, moja kila ncha, zisimamishwe wima chini kwenye ardhi, mita 20 kati yake. Maji yakitulia someni namba pande zote mbili. Upande mmoja ukisoma 95 na mwingine 117, ardhi imeshuka sentimeta 22 ndani ya mita 20, sawa na 1.1 kwa 100. Rudieni mpaka korongoni. Kipovu kimoja cha hewa ndani ya mpira kinatosha kuharibu usomaji, na mpira uliokanyagwa au kukunjika pia, kwa hiyo pitisheni macho mpira mzima kabla ya kuandika namba. Asubuhi ni bora, maana upande mmoja wa mpira ukiwa juani na mwingine kivulini maji hayatoi usawa wa kweli.

Mfereji hujengwa kuanzia chini kwenda juu. Mwanzo ni pale maji yanapotokea, korongoni, halafu mnapanda. Mkianzia juu kwa sababu mwenyekiti anakaa huko, mvua ya kwanza itamwaga maji ya nyumba 100 mlangoni kwa mtu wa 101.

Vifuniko navyo ni somo. Kifuniko cha zege chenye urefu wa sentimeta 90, upana 60 na unene 10 kina kilo 130. Watu wawili hawakiinui, kwa hiyo mfereji hausafishwi, kwa hiyo unaziba. Kikiwa na upana wa sentimeta 40 kinakuwa kilo 86, watu wawili wenye kulabu wanakiinua. Wekeni nondo za milimita 10 kila sentimeta 15 upande wa chini wa kifuniko, si katikati wala juu, maana chini ndiko zege linakovutika na kupasuka. Na wekeni masikio mawili ya nondo yaliyozama kwenye kijishimo ili yasimkwaze mtu. Gari linapopita, unene uwe sentimeta 15 na nondo za milimita 12, na mhandisi asaini. Zege lake ni uwiano wa 1:1.5:3 (saruji, mchanga, kokoto), limwagiliwe maji siku 7 kamili. Fundi akiwaambia siku 2 zinatosha, mkatalieni.

Korongo msiliwekee ukuta pande zote mbili na kulibana. Acheni ukanda wa mita 8 hadi 10 usiojengwa, pandeni majani na vetiva (nyasi za mizizi mirefu) kwenye kingo, na chini mpange mawe penye mwanguko. Maji yakipunguzwa kasi yanaacha mchanga hapo badala ya kuupeleka kwa jirani. Ukanda huohuo masika ni wa maji, kiangazi ni wa watoto.

Na hapa kuna jambo la kuuliza mapema kabisa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kama korongo lenu mamlaka zinalihesabu kuwa mto, nyumba zilizo ndani ya mita hizo hazitapata hati, hata mchoro uwe mzuri namna gani. Pateni jibu kwa maandishi kutoka halmashauri na ofisi ya bonde la maji kabla ya kupokea michango ya kaya hizo. Kuchukua fedha ya mtu halafu kumwambia kiwanja chake hakimo kwenye mchoro ni kumwonea, na ni hapo kamati nyingi huvunjika.

Mwisho, kwenye vichochoro vya mita 2 gawaneni mapema nani anapita wapi: mfereji wa mvua wa sentimeta 30 hadi 40 upande mmoja, bomba la majisafi upande wa pili, na katikati acheni nafasi ya bomba la majitaka hata kama leo mnatumia vyoo vya shimo. Mitandao rahisi ya majitaka, aina iliyoanzia Brazil miaka ya 1980 na ambayo Vingunguti wamejengewa, hutumia bomba la milimita 100 hadi 110 kwenye mteremko wa 1 kwa 200 na kina cha sentimeta 40 pasipo na gari. Vichochoro vyembamba vinaifaa kazi hiyo. Majisafi yawe juu ya majitaka kwa angalau sentimeta 30, yasilale kwenye mtaro mmoja.

---

NjiaSawa

Nijibu lile la baiskeli za matairi matatu na wazee, kwa sababu mara nyingi linaachwa mpaka mwisho, halafu linajibiwa kwa mteremko mmoja mbele ya ofisi ya mtaa.

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inawapa haki ya kufika na kutumia miundombinu ya umma kama wengine. Njia mnazochora sasa ndizo miundombinu hiyo. Kwenye mchoro chagueni angalau mkondo mmoja usiokatika, kutoka kila kundi la nyumba hadi barabara ya daladala, zahanati, shule, kioski cha maji na ofisi ya mtaa. Mkondo huo ndio upewe kipaumbele cha usawa wa ardhi, hata kama si wa njia pana.

Kiti cha magurudumu kinataka sentimeta 90 za wazi. Baiskeli ya matairi matatu ya kukanyagwa kwa mikono ni ndefu na inageuka kwa shida, ipeni mita 1.2 kwenye mnyooko na zaidi kwenye kona. Ili kiti kigeuke pale pale, mduara wa mita 1.5. Kwa hiyo kichochoro cha mita 2 kinafaa kabisa, lakini kikiwa na nguzo ya umeme katikati hakifai hata kikiwa mita 3. Andikeni kwenye makubaliano ya mtaa kwamba nguzo, matangi na meza za biashara hukaa upande mmoja, ule wa mfereji.

Mteremko usizidi 1 kwa 12, na pale penye urefu mrefu 1 kwa 20 ni bora. Hesabu ni nyepesi: kupanda sentimeta 60 kwa 1:12 kunahitaji mita 7.2. Mafundi huweka mita 2 kwa sababu ndiyo nafasi iliyopo, nao huo si mteremko wa kumsaidia mtu, ni wa kumrudisha nyuma kichwa chini. Kila mita 9 au 10 wekeni kituo tambarare cha mita 1.5. Upande wenu wa magharibi wenye mwinuko hautawezekana kwa 1:12 moja kwa moja. Pitisheni njia kwa kuambaa mlima, na ngazi zibaki kama njia ya mkato. Ngazi nazo: kila kidato kiwe na urefu uleule, sentimeta 15, na mshikio upande mmoja. Kidato kimoja kinachozidi vingine kwa sentimeta 3 ndicho kinachowaangusha wazee, maana mguu umeshazoea.

Nafasi kati ya kifuniko na kifuniko zisizidi milimita 12. Gurudumu dogo la mbele la kiti huzama kwenye upenyo wa sentimeta 2 na kumrusha mtu. Matundu ya kuingizia maji yakate njia, yasifuate mwelekeo wa safari. Uso wa njia uinamie mfereji kwa asilimia 2 hadi 2.5. Kwa njia ya mita 4 hiyo ni sentimeta 8 hadi 10 kutoka ukingo hadi ukingo. Mkizidisha, kiti kinavutwa mferejini muda wote na mkono mmoja unachoka.

Kwa wasioona, mfereji wazi bila ukingo ni hatari kuliko gari. Ukingo wa sentimeta 10 ulionyooka, unaoguswa na fimbo, unatosha kumwongoza mtu mtaa mzima, mradi uachiwe matundu ya kupitisha maji na usikatwe kila nyumba kwa daraja lenye kimo tofauti.

Na ule ukaguzi wa kamba ya mita 60, ufanyeni pia na mtumiaji wa baiskeli ya matairi matatu mwenyewe akiwa mbele. Kila anaposhuka au kusaidiwa, wekeni alama. Msimtume mwakilishi.

---

Mkaazi_Mukuru

Salamu kutoka Nairobi. Kuhusu wapangaji, mfano mnaoweza kuutazama ni Mukuru. Agosti 2017 Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani kuwa eneo maalum la mipango. Huko sehemu kubwa ya ardhi ina hati za watu wengine, na wakaazi wengi ni wapangaji. Mipango ingefuata wenye hati peke yao, ingekuwa mipango ya watu wasioishi pale.

Kilichofanyika ni kushusha mazungumzo hadi makundi ya nyumba kumi kumi, yanayochagua wasemaji wao kwenda ngazi ya juu. Kwenye mkutano wa watu 400 husikii mama anayeuza mboga akisema kwamba mfereji mpya utampeleka yeye barabarani. Kwenye kundi la nyumba kumi anasema, na jirani anamsaidia kusema.

Kwa upande wenu fanyeni hivi. Fomu ya mwenye kiwanja ibaki kama ilivyo, maana ndiyo ya kisheria. Tengenezeni fomu ya pili ya kaya, ijazwe na yeyote anayelala pale: wako wangapi, maji wanachota wapi, choo ni cha watu wangapi, biashara gani inafanyika mlangoni, nani hawezi kutembea, usiku wanaogopa kupita wapi. Swali la mwisho hilo ndilo linalowaambia taa ziwekwe wapi. Bila majibu hayo taa zote zitaenda kwenye barabara kuu.

Mikutano iwe miwili kwa kila kundi, mmoja jioni ya siku ya kazi na mwingine Jumapili mchana. Saa nne asubuhi Jumanne mtapata wazee na wenye nyumba tu. Ramani ibandikwe ukutani kwa siku 14 ikiwa kubwa ya kutosha mtu kuona nyumba yake, namba ya nyumba ikiwa imeandikwa, na kuwe na mtu wa kuisoma kwa sauti kwa wasioona na wasiojua kusoma.

Na jueni hatari iliyopo. Njia ikiboreshwa na maji yakifika, kodi hupanda. Kamati haina nguvu ya kupanga kodi, ila inaweza kukubaliana na wenye nyumba kwa maandishi kwamba anayeondolewa chumba kwa sababu ya njia apewe notisi ya kutosha na chumba kingine ndani ya mtaa kikitokea. Makubaliano hayo yasainiwe kabla mwenye nyumba hajapata hati yake. Baadaye hana sababu ya kusaini.

---

MjumbeKamati

Nawashukuru sana wakuu, kamba ya mita 60 tunaivuta Jumamosi. Maswali mawili yamebaki.

Kuna kichochoro cha mita 2.4 ambacho lazima kiwe mita 4. Upande mmoja ni nyumba ya tofali, upande wa pili ni ukuta wa uzio mita 10. Tukigawana nusu kwa nusu, sentimeta 80 kila upande, chumba kinaenda. Wenye nyumba na uzio wote wanadai haki ni kugawana sawa.

La pili, vyoo vya shimo viwili viko kwenye mstari wa mfereji. Fundi anasema tujaze mchanga tupite juu.

---

Bikoni

La kwanza. Sogezeni mstari wa katikati kwenda upande wa uzio, mita 1.6 zote zitoke huko, na gharama ya kujenga uzio upya ibebwe na mtaa kwa pamoja, aliyenusurika chumba akichangia zaidi. Haki ya kugawana iwe kwenye hasara, si kwenye sentimeta. Uzio wa mita 10 wenye kimo cha mita 2 ni mita za mraba 20, kama tofali 200 za inchi 6, pamoja na msingi na fundi. Linganisheni na kuvunja chumba, paa na kuta mbili. Andikeni hesabu zote mbili kwenye karatasi moja na waoneshwe wote wawili kwa pamoja.

Halafu mita za mraba 16 alizotoa mwenye uzio ziandikwe kwenye muhtasari wa kikao. Kama upande wake wa nyuma kuna kipande kisicho na mwenyewe, mchoro unaweza kumfidia hapo. Uzio mpya ujengwe kabla wa zamani haujavunjwa. Mtu aliyeahidiwa uzio na kulala siku 40 bila uzio hatasaini karatasi nyingine, na majirani zake wote wanamtazama.

---

Maji_Hushuka

La pili: msipite juu ya shimo lililojazwa mchanga. Uchafu ulio chini huendelea kuoza na kushuka kwa miaka, mchanga unazama nao, mfereji unabaki ukining'inia hewani, kisha unapasuka katikati. Maji ya mvua yakiingia kwenye ufa huo yanakwenda moja kwa moja shimoni na kuibua kinyesi kwenye nyumba za chini.

Kwanza jaribuni kusogeza mfereji. Mita 1.5 kutoka ukingo wa shimo hutosha kwenye udongo mgumu. Kwenye mchanga ongezeni. Mkikosa nafasi, jengeni choo kipya kwanza na kianze kutumika. Ndipo shimo la zamani linyonywe mpaka chini, imwagwe chokaa, lijazwe kifusi na udongo kwa tabaka za sentimeta 20, kila tabaka limwagiwe maji kidogo na kushindiliwa. Liache lipitie masika moja kama ratiba inaruhusu. Juu yake sakafu ya mfereji iwe kipande cha zege chenye nondo kilichoegemea ardhi isiyochimbwa angalau sentimeta 60 kila upande, ili hata shimo likishuka mfereji ubaki.

Gharama ya vyoo hivyo viwili iingizwe kwenye bajeti ya mfereji. Na kabla ya kuchimba popote, waulizeni wazee wa mtaa mashimo ya zamani yaliyofukiwa yako wapi, kila nyumba, kisha yawekeeni alama kwenye picha ya anga. Mengine yako katikati ya njia mnayotaka lori lipite.